Udongo Unaonasa Rangi

Msomaji, ikiwa umepata kuvuka nyika za Athi wakati wa masika, huna haja ya kuelezwa udongo mweusi ni kitu gani. Umekushika viatu, pengine umekunyang'anya kimoja. Wakati wa kiangazi udongo huo huo hupasuka nyufa zinazoweza kuimeza fimbo ya mchungaji, na mvua inaponyesha huvimba, ukainua sakafu na kupasua kuta za nyumba za watu. Wajenzi huulaani, na watengenezaji wa barabara huuchimba na kuutupa mbali kabla ya kumwaga kifusi. Walakini sababu ile ile inayoufanya udongo huo uvimbe ndiyo inayouwezesha kunasa rangi iliyoyeyuka katika maji. Jinsi wanadamu walivyouona uwezo huo, wakaupuuza mahali ulipohitajiwa mno, ndiyo habari ninayotaka kukusimulia.

Katika Rumi ya kale walikuwako madobi waliosafisha nguo za sufu kwa kuzikanyaga kwa miguu ndani ya mabeseni yenye maji, mkojo uliochacha, na udongo laini. Mabeseni yao yangali yakionekana Pompeii, mji uliofukiwa na majivu ya mlima Vesuvius katika mwaka 79. Mwandishi Plinio, ambaye aliangamia katika msiba huo huo, alikuwa ameeleza katika kitabu chake udongo wa namna mbalimbali uliotumiwa na madobi hao, na upi utangulie, na upi ufuate. Kazi ya udongo ilikuwa kuyavuta mafuta ya kondoo kutoka katika sufu. Waingereza nao walifanya hivyo karne nyingi baadaye, na udongo wao waliuthamini hata zikatungwa sheria za kukataza usipelekwe ng'ambo, wasije wafumaji wa nchi nyingine wakanufaika nao. Karibu zaidi na kwetu, wanawake wa Sudan waishio kando ya Nile wametumia udongo waliouita rauwaq kuyatuliza maji ya mto yaliyojaa matope: huukoroga mtungini, wakaacha maji yatulie, matope yakazama. Watu hao wote walijua kutenda. Kwa nini udongo ufanye hivyo, hakuna aliyewaeleza.

Jibu lilianza kupatikana mahali ambapo hakuna aliyelitazamia, yaani katika shimo la samadi.

Alikuwako kasisi mmoja Mwingereza, Anthony Huxtable, wa kijiji cha Sutton Waldron katika jimbo la Dorset, mtu aliyependa majaribio ya kilimo. Siku moja aliyachuja maji ya samadi kutoka katika tangi lake kwa kuyapitisha katika udongo wa kawaida wa shambani. Waweza kufikiri jinsi maji hayo yalivyokuwa: meusi, na yenye uvundo. Yalipotokea upande wa pili, hayakuwa na rangi wala harufu. Wakati huo huo mwenye mashamba wa Yorkshire, Harry Stephen Thompson, alikuwa amejaribu jambo lingine. Katika mwaka 1845, akisaidiwa na muuza dawa wa mji wa York, alimimina juu ya udongo maji yenye salfeti ya amonia, ambayo ni mbolea, kisha akayachunguza yaliyochuruzika chini. Amonia ilikuwa imebaki udongoni. Badala yake ilitoka jasi, ambayo yeye hakuitia.

Habari hizi mbili zilimfikia John Thomas Way, mkemia wa Chama cha Kifalme cha Kilimo cha Uingereza, naye akazishughulikia kwa bidii. Alikagua kama mchanga ndio wenye uwezo huo, akaona sivyo. Uwezo ulikuwa wa udongo wa mfinyanzi. Tena aliona kwamba amonia haipotei tu humo, bali huingia kwa kubadilishana: chokaa hutoka kwa kipimo kile kile ambacho amonia huingia, mfano wa sokoni, ambapo hakuna anayeondoka na kikapu cha mwenziwe pasipo kuacha chake. Alichapisha habari hizo katika mwaka 1850, na nyingine katika 1852. Justus von Liebig, Mjerumani aliyekuwa bingwa mkuu wa kemia ya kilimo siku zile, alimpinga. Lakini Way ndiye aliyekuwa amekaribia kweli.

Sasa, msomaji, angalia miaka. Mwaka 1850 ilikwisha kuandikwa, katika gazeti la kilimo ambalo yeyote aliweza kulinunua, kwamba udongo huyaondolea maji rangi. Miaka sita tu baadaye, katika likizo ya Pasaka ya mwaka 1856, kijana wa miaka 18 jina lake William Henry Perkin alikuwa nyumbani kwao London akijaribu kutengeneza kwinini, dawa ya malaria, kutokana na vitu vilivyotoka katika lami ya makaa ya mawe. Kwinini hakuipata. Alipata tope jeusi, na katika tope hilo rangi ya zambarau iliyoshika juu ya hariri wala isitoke. Mwaka uliofuata alikuwa na kiwanda huko Greenford. Baada yake wakaja wengine na magenta, na rangi za buluu, na za kijani, na za manjano, hata nguo ambazo zamani zilivaliwa na matajiri peke yao zikawa za kila mtu.

Si kwamba mito ya viwanda ilikuwa safi kabla ya Perkin. Watia rangi wa zamani nao walimwaga masimbi yao mtoni. Lakini sasa maji yalichafuliwa kupita kiasi. Mjini Basel, katika Uswisi, watu walidhurika katika miaka ya 1860 kwa kunywa maji ya visima vilivyoingiwa na arseniki kutoka katika kiwanda cha magenta. Huko Yorkshire, nchi ile ile ya Bwana Thompson, mto Calder ulichafuka kwa taka za mji na za viwanda hata mtu mmoja wa Wakefield akaandika waraka kwa kutumia maji ya mto huo kama wino. Maandishi yalisomeka, na nakala yake ikachapwa katika taarifa ya Tume ya Kifalme iliyochunguza mito. Mwandishi huyo alisikitika kwamba hakuweza kuipeleka na harufu pia.

Mbona basi hawakukumbuka udongo wa Kasisi Huxtable? Tusiwahukumu bila kuwasikiliza. Udongo wa mfinyanzi una kasoro moja kubwa: ukilowa huvimba na kuziba. Yule kasisi alichuja maji ya tangi moja la shamba. Kiwanda hutoa mto mzima, nao hauwezi kungoja upenye tone kwa tone. Ingefaa udongo ukorogwe ndani ya maji, kisha uachwe utuame, na kazi hiyo yataka matangi, na watu, na mahali pa kulitia tope. Mto haukutaka malipo yoyote. Sheria ya kuzuia uchafuzi wa mito ilipotungwa Uingereza katika mwaka 1876, iliacha milango mingi wazi kwa wenye viwanda. Nadhani hiyo ndiyo sababu kubwa kuliko zote, na kuvimba kwa udongo ni ya pili.

Umbo la ndani la udongo huo lilijulikana baadaye sana. Madini yake makuu yalikwisha kupewa jina katika mwaka 1847, montimorilonaiti, kwa ajili ya mji wa Montmorillon katika Ufaransa. Lakini ni mwaka 1933 tu ambapo Ulrich Hofmann na wenzake Wajerumani, kwa kutumia eksirei, walieleza jinsi yalivyopangwa. Ufikiri kitabu ambacho kurasa zake ni nyembamba kupita kadiri. Katika kila ukurasa, mahali ambapo pangekuwa na chembe ya alumini, mara kwa mara imekaa chembe ya magnesi. Na kwa kuwa magnesi ina umeme chanya kidogo kuliko alumini, ukurasa mzima hubaki na umeme hasi. Ili kuusawazisha, chembe za sodiamu au za chokaa hukaa katikati ya kurasa. Maji huingia hapo, kurasa zikatengana, na hivyo ndivyo udongo uvimbavyo. Rangi yenye umeme chanya nayo huingia hapo hapo, ikaifukuza sodiamu, ikashika mahali pake. Huku si kufyonza kama sifongo ifyonzavyo. Ni kunasa juu ya uso. Na uso huo ni mkubwa ajabu: ukizikunjua kurasa zote za gramu moja ya montimorilonaiti safi, utapata eneo la mita za mraba 700 au zaidi. Gramu kumi, yaani kijiko kimoja hivi, zatosha kuutandika uwanja mzima wa mpira.

Waweza kujaribu mwenyewe ukiwa na mwalimu wako. Twaa udongo mweusi mkavu, uusage, uuchekeche. Tia kijiko kimoja katika chupa ya maji, kisha matone machache ya buluu ya methilini, ile ambayo hutumiwa katika maabara kuonyesha chembe hai chini ya darubini. Tikisa, uache mpaka kesho. Maji yatakuwa yamepoteza buluu yake. Fanya vivyo hivyo katika chupa ya pili, lakini utie eosini, rangi nyekundu ya maabara. Kesho utaikuta nyekundu vile vile.

Chupa hiyo ya pili ndiyo yenye kusumbua. Eosini ina umeme hasi, na udongo una umeme hasi, basi husukumana. Rangi ya Perkin ilikuwa chanya, na udongo ungeinasa. Lakini katika mwaka 1956, miaka mia kamili baada yake, zilianza kuuzwa rangi mpya za pamba, zilizovumbuliwa na Ian Rattee na William Stephen, ambazo hujifunga na uzi wenyewe zisichujuke. Ni nzuri, nazo ni hasi. Zile zisizowahi kujifunga hutoka na maji ya kiwanda, na udongo mtupu hauzigusi. Kwa bahati njema John Jordan wa Marekani alikwisha kueleza katika 1949 jinsi ya kuuvika udongo chembe zenye asili ya mafuta na umeme chanya. Udongo uliovikwa hivyo kwa wingi hugeuka tabia, ukaweza kuzinasa hata rangi hasi. Gharama huongezeka, ndiyo. Udongo wa bure si wa bure tena.

Nchini Kenya tuna viwanda vya nguo na vya ngozi, mwaka 2006 zilitungwa Kanuni za Ubora wa Maji ambazo ziliitaja rangi miongoni mwa mambo ya kupimwa katika maji machafu, na udongo tunao wa kutupa. Lakini rangi iliyonaswa haikufa. Imehama tu kutoka majini kuingia topeni. Wataalamu wamejaribu kulichanganya tope la namna hiyo na udongo wa matofali, kisha kulichoma. Moto huiteketeza rangi, lakini hauiteketezi kromi itokayo katika viwanda vya ngozi, kwa hiyo yapasa kujua kwanza maji yalitoka wapi.

Nilipoonyesha jaribio la chupa mbili darasani, msichana aliyekaa nyuma aliniuliza tope lile tutalimwaga wapi. Nilitazama mfereji wa maabara, ambao unaelekea mtoni. Chupa niliiweka juu ya rafu, nayo ingali pale, na tope lake ni buluu kama siku ile.