Jua Lililo Mama: Tatizo Moja la Kutafsiri Visasili

Mfasiri anayeanza kazi ya visasili vya Wayunani hudhani kwamba ugumu utakuwa katika majina. Majina si tatizo. Helios, Selene na Eos huandikwa hivyo hivyo. Taabu huanza inapombidi aonyeshe kwamba hayo ni maneno ya kawaida ya Kiyunani yenye maana ya jua, mwezi na mapambazuko, na kwamba kwa Wayunani Jua ni mwanamume, na Mwezi ni dada yake. Mshairi Hesiodos aliwataja watatu hao kuwa watoto wa baba mmoja na mama mmoja. Wachongaji wa hekalu la Parthenon mjini Athens, kati ya 438 na 432 K.K., walimweka Helios pembeni akichomoza na farasi wake, na Selene pembe ya pili akizama na wa kwake. Mtazamaji hakuhitaji kuelezwa yupi ni wa kiume.

Kiswahili hakina alama hiyo. Jua huchomoza, nalo ni "lile". Mwezi huandama, nao ni "ule". Basi mhusika hupotea, kikabaki kitu cha angani.

Hasara hii si ya Wayunani peke yao. Huko Mang'ola, kando ya Ziwa Eyasi, jua ni mwanamke. Katika Kihadza huitwa Ishoko, na kiishio "-ko" ni alama ya jinsi ya kike. Masimulizi humtaja kuwa mke wa Haine. Wairaqw nao humwita Looa, mama mwema. Masimulizi hayo yakiletwa katika Kiswahili, lugha ya soko na ya shule, mama huyo aweza kugeuka "lile" kwa kosa la upatanisho tu. Ludwig Kohl-Larsen, aliyekusanya masimulizi ya Wahadza katika miaka ya 1930 na kuyachapa kwa Kijerumani mwaka 1956, hakupata taabu hiyo, kwa kuwa katika Kijerumani jua ni la jinsi ya kike.

Kwa hiyo twapendekeza mambo matatu. Kwanza, jina la asili libaki, na maana yake ielezwe mara moja tu. Pili, mhusika apewe upatanisho wa viumbe hai: "Jua akaamka", wala si "likaamka". Tatu, jinsi yake ionyeshwe kwa maneno ya ujamaa, yaani mama, mke, dada. Na panapohitajika istilahi, itumike "mungu wa kike". "Mungu jike" haifai, maana jike ni neno la wanyama.

Mwalimu akiyazingatia haya, mtoto wa Mang'ola atakayesoma habari za Helios kwa Kiswahili ataweza kuuliza swali la maana: kwa nini kwao jua ni baba, na kwetu ni mama?