Pamba, Rupia na Adhabu

Njinjo imo bara ya Kilwa, mbali na magofu ya mawe yaliyoipa wilaya ile sifa. Watu wake ni wakulima, na wakulima huandikwa mwisho katika tarikhi, kama huandikwa. Kodi ya nyumba iliyotangazwa na Wajerumani ilikuwa rupia tatu kwa mwaka. Tangu 1902 ikafuata amri ya mashamba ya pamba ya pamoja, chini ya akida na majumbe. Mtu alilima pamba ya serikali hali mtama wake ukiliwa na nguruwe. Mwezi wa Julai 1905, huko Nandete katika vilima vya Umatumbi, miche ya pamba iling'olewa, na vita vya Majimaji vikaanza.

Rupia ile iliigwa kwa rupia ya Uhindi, ambayo ilikuwa imekwisha kumjua mkulima mwingine. Katika Bengal, tangu 1793, ardhi ilikuwa ya makabaila waliotoza kodi kwa faida yao na ya Waingereza. Rabindranath Tagore alikuwa mwana wa kabaila, na katika miaka ya 1890 alisimamia mashamba ya jamaa yake huko Shelaidaha. Basi mpokeaji wa kodi ndiye aliyeandika machozi ya mlipaji. Jambo hilo lataka kukumbukwa kila asomwapo. Katika hadithi yake *Shasti*, yaani Adhabu, ya 1893, ndugu wawili wanatumikishwa kutwa katika ofisi ya kabaila bila ya ujira. Wanarudi na njaa. Mkubwa anadai chakula, hakuna, naye anamwua mkewe. Mdogo, ili amwokoe nduguye, anamsingizia mke wake mwenyewe, Chandara. Kabaila haguswi na sheria.

Ebrahim Hussein alianza karibu na hapo tamthilia yake *Kinjeketile*, ya 1969: wake wawili wanazungumza juu ya uhaba wa chakula, waume wao wako katika pamba ya Mjerumani. Lakini njaa ya Tagore inaua ndani ya nyumba, na ya Hussein inatoka nje kumtafuta mwenye kuileta. Hapo Hussein amemtendea mkulima haki zaidi, ingawa Tagore amemwona mwanamke kwa jicho kali zaidi. Chandara anakataa kujitetea, ananyongwa. Kinjeketile wa tamthilia anakataa kusema kuwa maji yalikuwa uongo. Yule wa tarikhi alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, vita vikiwa bado vichanga.