Kondomu, vilainishi na "dawa za kubana": jua kilicho salama kabla hakijagusa mwili wako

Je, umewahi kuuziwa unga wa "kubana", sabuni ya "kusafisha ndani" au krimu isiyo na jina wala tarehe? Bidhaa za namna hii huuzwa kwa kunong'onezana. Kwa kuwa watu huona haya kuuliza, wengi huzitumia bila kujua zimetengenezwa kwa kitu gani.

Makala hii inaeleza ni vitu gani vilivyo salama kwa sehemu za siri, ni vipi vinavyodhuru, na wapi unaweza kupata msaada katika makazi ya wakimbizi hapa Uganda. Ni kwa wanawake na wanaume, wakimbizi na wenyeji.

Kwa nini sehemu hizi zinahitaji uangalifu?

Ngozi ya mkono wako ni nene na kavu. Ndani ya uke kuna utando laini wenye unyevu, na ndani ya njia ya haja kubwa utando ni mwembamba zaidi. Kitu unachoweza kupaka mkononi bila shida kinaweza kuunguza huko ndani.

Uke pia una kinga yake. Bakteria wazuri waitwao laktobasila hutengeneza asidi inayozuia vijidudu vya magonjwa. Kwa mwanamke mwenye umri wa kuzaa, kiwango cha asidi (pH) cha uke wenye afya huwa kati ya 3.8 na 4.5. Ukiua bakteria hao au ukichubua utando, hata kama husikii maumivu, unafungua mlango kwa VVU na magonjwa mengine ya zinaa.

Vitu vya kukausha na kubana uke

Baadhi ya wanawake huweka ukeni shabu, ugoro, magadi, ndimu, majani yaliyosagwa, vipande vya kitambaa au karatasi. Sababu zinaeleweka: wengine wanaogopa kuachwa na mume, wengine wameambiwa kuwa mwanamke mwenye majimaji mengi si mwaminifu, na wengine wanataka "kurudi kama zamani" baada ya kujifungua.

Vitu hivi haviurudishi uke katika hali ya zamani. Shabu huvuta maji kutoka kwenye utando na kuukunja kwa muda, ndiyo maana unahisi kubanwa. Ugoro na ndimu huunguza. Utando mkavu huchanika wakati wa tendo, na kondomu nayo hupasuka kwa urahisi.

Mwaka 2011 watafiti waliunganisha taarifa za wanawake 14,874 kutoka tafiti 13 zilizofanyika Afrika kusini mwa Sahara. Waliona kwamba wanawake waliojisafisha ndani kwa sabuni, waliotumia kitambaa au karatasi ndani ya uke, au walioingiza vitu vya kukausha na kubana, walipata maambukizi ya VVU zaidi kuliko wasiofanya hivyo.

Majimaji ya uke ni dalili ya mwili wenye afya na ulio tayari kwa tendo. Si uchafu, wala si ushahidi wa uzinzi. Katika sehemu za Rwanda na za magharibi mwa Uganda, majimaji hayo husifiwa tangu zamani. Kama mwenzi wako anakushinikiza utumie vitu vya kukausha, mnaweza kwenda pamoja kwa mhudumu wa afya awaeleze nyote wawili.

Kuosha: nje tu, na maji yanatosha

Uke hujisafisha wenyewe. Osha sehemu ya nje kwa maji safi. Ukitaka sabuni, tumia kidogo, isiyo na manukato makali. Usiingize ndani sabuni, dawa ya kuua vijidudu, siki, dawa ya meno wala manukato. Harufu mbaya isiyoisha ni dalili ya maambukizi yanayotibika. Ukiificha kwa manukato, ugonjwa unaendelea.

Kilainishi gani ni salama?

Ukavu si jambo la aibu. Mama anayenyonyesha na mwanamke aliyekoma hedhi hupata ukavu kwa sababu homoni ya estrojeni imepungua mwilini. Kilainishi kizuri hupunguza maumivu na hulinda kondomu isipasuke.

- Kilainishi cha maji: Kinafaa pamoja na kondomu za aina zote, na huoshwa kwa urahisi.
- Kilainishi cha silikoni: Nacho kinafaa pamoja na kondomu. Hakikauki haraka.
- Mafuta ya kupikia, mafuta ya nazi, siagi, vaselini na losheni: Usitumie kamwe pamoja na kondomu za mpira wa lateksi. Mafuta huudhoofisha mpira kwa muda mfupi sana. Jaribio moja la maabara lilionyesha kwamba dakika 1 tu ndani ya mafuta ya madini ilitosha kuipunguzia kondomu sehemu kubwa ya nguvu yake.
- Mate: Hukauka haraka na yanaweza kubeba vijidudu.

Hata vilainishi vya maji havilingani. Vingine vina gliserini au propilini glaikoli nyingi mno, hivyo hunyonya maji kutoka kwenye utando na kuuchubua. Mwaka 2012 Shirika la Afya Duniani (WHO), UNFPA na FHI 360 walitoa mwongozo kuhusu jambo hili. Kipimo cha uzito huo, kiitwacho osmolaliti, kinafaa kisizidi 1,200, na ni bora zaidi kikiwa chini ya 380. Kwa matumizi ya ukeni, pH iwe karibu na 4.5. Vipimo hivi mara nyingi haviandikwi kwenye pakiti, kwa hiyo ni salama zaidi kuchukua kilainishi kwenye kituo cha afya kikiwapo, au kuomba ushauri wa mfamasia.

Jihadhari na N-9

Nonoksinoli-9, ambayo huandikwa N-9, ni kemikali ya kuua mbegu za kiume. Zamani ilipakwa kwenye baadhi ya kondomu na vilainishi, na watu walitumaini kuwa ingeua VVU pia. Matokeo yalikuwa kinyume. Utafiti uliofanyika miongoni mwa wanawake wanaofanya biashara ya ngono nchini Benin, Côte d'Ivoire, Afrika Kusini na Thailand, na kutangazwa mwaka 2000, ulionyesha kuwa waliotumia jeli hiyo mara nyingi waliambukizwa VVU zaidi, kwa sababu ilichubua utando. Baadaye WHO ilishauri N-9 isiwekwe kwenye kondomu. Ukiona maandishi hayo kwenye pakiti, chagua nyingine.

Kagua kondomu kabla ya kuitumia

1. Tazama tarehe ya mwisho ya matumizi na namba ya toleo. Ikiwa zimefutika, itupe.
2. Tafuta alama ISO 4074. Hicho ndicho kiwango cha kimataifa cha kondomu za kiume za lateksi. Nchini Uganda, Mamlaka ya Taifa ya Dawa (NDA) hupima kondomu kabla ya kuruhusu zisambazwe.
3. Bonyeza pakiti kwa vidole. Ukisikia hewa ndani, pakiti haijatoboka.
4. Ifungue kwa vidole, si kwa meno wala wembe. Ikiwa imekauka, inanata au imebadilika rangi, usiitumie.
5. Vaa moja tu. Mbili zikisuguana hupasuka.

Joto huharibu mpira. Usihifadhi kondomu kwenye pochi ya suruali, juani, au karibu na turubai na bati la paa. Zifunge mahali pakavu penye ubaridi, kwa mfano ndani ya sanduku lililo chini ya kitanda.

Lateksi ikikuwasha au kukuvimbisha, huenda una mzio. Kondomu ya kike iliyotengenezwa kwa naitraili haina lateksi, na mafuta hayaiharibu. Uliza kama ipo kwenye kituo chako.

Kwa wanaume: "dawa za nguvu"

Vidonge na unga vinavyouzwa kama mitishamba ya nguvu za kiume vimekutwa katika nchi nyingi vikiwa vimechanganywa kwa siri na dawa ya hospitali iitwayo sildenafili. Kwa mtu anayetumia dawa za moyo za aina ya naitreti, mchanganyiko huo unaweza kushusha shinikizo la damu hadi kuua. Krimu za kutia ganzi nazo huficha maumivu, hivyo hutajua umechubuka. Udhaifu wa nguvu za kiume unaweza kuwa dalili ya kisukari au shinikizo la damu. Inafaa upimwe.

Maswali manne ya kumuuliza muuzaji

- Kimetengenezwa kwa vitu gani, na vimeandikwa?
- Nani amekitengeneza, na wapi?
- Tarehe yake ya mwisho ni lini?
- Kinaruhusiwa kutumika ndani ya mwili, au ni cha ngozi ya nje tu?

Asipoweza kujibu, usinunue. Neno "asilia" si jibu: ugoro nao ni wa asili.

Nenda kituo cha afya mapema ukiona

- muwasho, kuungua au vidonda;
- uchafu wenye harufu mbaya au rangi isiyo ya kawaida;
- damu baada ya tendo la ndoa, au maumivu ya tumbo la chini.

Kama tayari umeweka kitu ukeni, acha kukitumia na usijaribu kukitoa kwa sabuni au dawa nyingine. Mweleze mhudumu ulichotumia; ukiweza, nenda na pakiti yake. Hayupo pale kukuhukumu bali kukutibu.

Kondomu ikipasuka, au ukilazimishwa kufanya ngono, usisubiri. Dawa za kuzuia VVU (PEP) lazima zianzwe ndani ya saa 72, na kadiri unavyowahi ndivyo zinavyofanya kazi vizuri. Dawa ya dharura ya kuzuia mimba inaweza kutumika hadi saa 120, nayo pia ni bora ikitumiwa mapema.

Katika vituo vya afya vya serikali na vya mashirika ndani ya makazi, huduma hizi hutolewa bure kwa wakimbizi na wenyeji, na una haki ya kutunziwa siri. Una haki pia ya kuomba mhudumu wa jinsia yako na mkalimani unayemwamini. Kama hujui pa kuanzia, muulize mjumbe wa Timu ya Afya ya Kijiji (VHT) katika eneo lako.