Volti 24, Redio ya 12

Nilipoanza ufundi wa umeme wa magari Gerezani, Dar es Salaam, mwaka 1991, basi la betri mbili lilikuwa na volti 24, na redio ya dereva ilitaka 12. Tulichota katikati: waya mmoja tu, kutoka pale betri mbili zilipoungana. Redio iliimba. Lakini betri ya chini ndiyo iliyoilisha peke yake, ya juu ikajazwa chaji kupita kiasi. Baada ya miezi zote zilikufa, moja kwa njaa, nyingine kwa kuvimbiwa.

Ikaja chipu ya 7812, ya miguu mitatu. Hiyo hushusha volti kwa kuzigeuza joto: redio ikivuta ampia 1, wati 12 zinaishia kwenye bati la kupoozea. Vidole vyangu vinalijua bati hilo.

Kisha vikaingia vibao vya LM2596. Kibao hukata na kurudisha umeme mara 150,000 kwa sekunde, koili na kapasita zikiulainisha, na joto ni dogo. Changu cha kwanza kilikuwa cha ampia 3. Nikakipima kikiwa hakina mzigo: 12 kamili. Nikakifungia globu ya wati 21, ambayo kwa hesabu haifiki ampia 2. Nikabonyeza swichi. Uzi ukawa mwekundu kama kaa linalofifia, ukasitasita, ndipo ukawaka.

Mzee aliyenifunza alikuwa kwenye kiti chake mlangoni.

“Mwanangu, umehesabu inakula nini ikishapata moto. Ikiwa baridi je?”

Kweli, ukinzani wa uzi baridi ni kama sehemu moja tu ya kumi ya ule wa uzi unaowaka. Globu ile ilidai zaidi ya ampia 10, na kibao kikajibana kisiungue.

Feni ni hivyohivyo. Mota iliyosimama huvuta kupindukia mpaka izunguke. Redio ina tabia yake: besi ikipiga, volti huzama, na taa za kioo chake hupepesa. Hiyo niliitibu kwa kapasita nene karibu na redio. Na ukifunga kitaa kidogo cha LED peke yake, umeme wa koili huisha kabla ya pigo linalofuata. Hapo baadhi ya koili hulia mluzi mwembamba, ukadhani kuna mbu.

Siku hizi kijana akiniletea kibao kipya, mita yake haraka ya nini? Nafungua droo, nampa globu ya breki. Akishaijaribu mara moja namwambia asubiri ipoe, aiwashe tena.