Forodha ya Unguja na Wakodishwaji Wake

Katika zama za Seyyid Said bin Sultan, aliyetawala tangu 1806 hata alipofariki 1856, dola ya Unguja haikuwa na waziri wa fedha wala bajeti ya kusomwa barazani. Ilikuwa na forodha, na forodha yenyewe ilikodishwa. Tajiri mmoja alimlipa Sultani kodi ya mwaka iliyokatwa mapema, kwa reale za Maria Theresa, kisha makarani wake wakatoza ushuru bandarini, na chochote kilichozidi ile kodi kikawa halali yake.

Aliyevuma zaidi katika kazi hiyo ni Jairam Shivji, Banyani wa Kutch. Mkataba wa 1833 baina ya Seyyid na Marekani uliweka ushuru wa asilimia 5 kwa bidhaa ziingiazo, lakini mali iliyotoka bara haikuwa na kiwango kimoja: pembe ya ndovu ilipimwa kwa frasila, na kabla ya kutajwa ushuru ilibidi ijulikane imetoka nchi gani, kwa maana ya nchi hii haikutozwa sawa na ya nchi ile. Watumwa nao walitozwa kwa kichwa, na sehemu ya fahari ya Unguja, tusiifiche, ilitoka katika hesabu hiyo.

Wako waliouona mpango huu kuwa ni uvivu wa kitawala. Mimi sioni hivyo, kwani Sultani alipata fedha ya yakini bila ya kuajiri karani hata mmoja, na hasara ya mwaka mbaya ikamwangukia tajiri. Alichokipoteza ni ilimu ya mali yake: daftari zilikuwa mikononi mwa Jairam, naye ndiye aliyejua bandari imezaa nini. Tena ndiye aliyemkopesha mtawala, hata mhazini akawa mdai wa bwana wake. Wasafiri waliling'amua jambo hili upesi. Richard Burton, alipojitayarisha kwenda bara 1857, alimtegemea Ludha Damji, wakili wa nyumba ya Jairam forodhani.

Seyyid Barghash aliposhika utawala 1870, nyumba hiyo ilimdai laki kadhaa za reale alizokopa nduguye Majid aliyemtangulia, akakataa kuyabeba, na mzozo ukawa mrefu. Mwaka 1876 alimpa forodha Taria Topan, Khoja, ambaye jengo la hospitali alilolianzisha lingali linaelekea bahari mjini Unguja.

Baada ya himaya ya Waingereza kutangazwa 1890, ile ilimu ya mali haikumrudia Sultani. Oktoba 1891 Gerald Portal, balozi wa Kiingereza, aliitengeneza hazina upya, Lloyd Mathews, aliyekuwa jemadari wa majeshi ya Sultani, akafanywa Waziri Mkuu, na Seyyid Ali bin Said akapangiwa posho ya mwaka, huku matumizi ya dola yakingoja idhini ya balozi wa Kiingereza.