Vijana na Vikao vya Kiswahili: Funzo kutoka Buyenzi

Wahenga walisema penye wazee haliharibiki neno. Hatuwapingi. Hata hivyo, neno lisiporithishwa huzikwa na wazee wake. Katika makala haya tunaiangalia historia ya Kiswahili tukiwa hapa Bujumbura, ili tujiulize: vijana wana nafasi gani katika makongamano na warsha zetu za kitaaluma?

Kiswahili kiliingia katika mji huu kabla ya kuwapo darasa lolote la Kiswahili. Kililetwa na wafanyabiashara waliopita Ujiji na kuvuka Ziwa Tanganyika, kisha na askari na watumishi wa Wajerumani. Wabelgiji walipoutawala mji, ambao wakati huo uliitwa Usumbura, waliwatengea Waswahili mtaa wa Buyenzi. Mpaka leo mtaa huo ni ngome ya lugha yetu. Humo kijana hujifunza Kiswahili gereji, sokoni, msikitini na uwanja wa mpira. Lakini nje ya mtaa jina Mswahili lilibeba dharau: mtu mjanja, asiyeaminika. Lugha ya mtaani ilibaki mtaani.

Kwenye meza ya wataalamu nako wenye lugha hawakuwapo. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha kwa ajili ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Wajumbe wake wa mwanzo walikuwa Wazungu wa idara za elimu na wa misheni. Urundi, iliyokuwa chini ya Wabelgiji, haikuhusishwa.

Hata hivyo, wenye lugha hawakusubiri kuitwa. Mfano wa karibu nasi ni Sheikh Kaluta Amri Abedi, aliyezaliwa Ujiji mwaka 1924. Kitabu chake, Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri, kilitoka mwaka 1954, akiwa na umri wa miaka 30 tu. Hakungoja mvi ndipo aeleze kanuni za fani yake, na walimu wa ushairi wangali wanamrejelea.

Burundi ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki tarehe 1 Julai 2007. Katika miaka hiyohiyo Kiswahili kiliingizwa katika shule za msingi, na walimu wakahitajika. Wakati huohuo walikuwa wakirejea wakimbizi kutoka Tanzania, wakiwemo watoto wa waliokimbia mwaka 1972, waliozaliwa na kusomeshwa huko. Wengi wao walikimudu Kiswahili kuliko Kifaransa. Vijana walioonekana kuwa na upungufu ndio waliokuwa na kile ambacho shule zilikuwa zinakitafuta.

Je, katika vikao vyetu tumelizingatia funzo hilo? Leo walimu wana CHAKAMA na wanafunzi wana CHAWAKAMA. Ni jambo la kujivunia kwamba wanafunzi wana chama chao, lakini lisiwe kisingizio cha kutowaita mezani. Sisi wenyewe tuna la kukiri. Katika semina tulizoandaa, wanafunzi walipanga viti, wakagawa maji, kisha wakakaa nyuma. Zamu yao ya kuuliza ilipofika, muda ulikuwa umekwisha. Siku moja, baada ya mada ndefu kuhusu uundaji wa istilahi, mwanafunzi mmoja alitufuata mlangoni akatuonyesha daftari. Alikuwa ameandika humo maneno wanayotumia mafundi wa gereji za Buyenzi, kila neno na maana yake. Tulikuwa tumejadili istilahi asubuhi nzima, na daftari lile lilikuwa mkobani, safu ya mwisho.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, kila semina iwe na angalau mada moja ya mwanafunzi, nayo iwekwe asubuhi, watu wakiwa bado wengi ukumbini. Pili, mwalimu amsaidie mwanafunzi kuiandaa mada hiyo, lakini asiiwasilishe kwa niaba yake. Tatu, makala za wanafunzi ziingie katika chapisho la kongamano kwa majina yao wenyewe.

Mahali pa kuanzia tunapo. Mwaka 2021 UNESCO iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Kila mwaka siku hiyo huja na ngoma, hotuba na mashairi, na vijana huitwa kutumbuiza. Safari ijayo tuwaite pia kuwasilisha. Tusipofanya hivyo, tutakuwa tumerudia kosa la mwaka 1930: kuijadili lugha huku wenyewe wakiwa nje ya mlango.