Kinjeketile Jukwaani: Kisa cha Ngarambe na Hukumu ya Watazamaji

Kinjeketile, tamthilia ya Ebrahim Hussein iliyochapishwa mwaka 1969, imeisambaza habari ya Bonde la Rufiji mbali zaidi ya kazi nyingine ya fasihi ya Kiswahili. Kisa chenyewe kilitokea Ngarambe mwaka 1904. Wazee wanasimulia kwamba Kinjikitile Ngwale alipagawa na mzimu wa Hongo, akavutwa mpaka kidimbwini na kutoweka majini. Nduguze walizama kumtafuta wasimpate. Kesho yake akaibuka, nguo zake kavu, akaanza kutabiri. Kwa watu wa kaskazini ya mto, wa Kibiti, Mtunda na visiwa vya delta, Ngarambe ni ng'ambo tu, na Mohoro, alikonyongewa Kinjikitile, iko karibu na delta. Kisa hiki ni cha kwao kabla hakijawa cha taifa.

Wakati huo Wajerumani walikuwa wakiwalazimisha watu kulima pamba katika mashamba ya pamoja chini ya maakida na majumbe. Malipo yalikuwa haba, na mashamba ya chakula yalibaki bila mikono ya kuyalima. Warufiji, Wamatumbi, Wakichi na Wangindo walimiminika Ngarambe kuchukua maji ya dawa, ambayo waliambiwa yangegeuza risasi kuwa maji. Mwishoni mwa Julai 1905 Wamatumbi wa Nandete waling'oa miche ya pamba, na Vita vya Maji Maji vikaanza. Kinjikitile alikuwa tayari ameshakamatwa. Alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, siku chache tu baada ya vita kuanza, na inasimuliwa kwamba kabla ya kufa alisema kumuua hakutasaidia kitu, kwa kuwa dawa ilikwisha kufika Kilosa na Mahenge. Vita viliendelea hadi 1907. Wajerumani wenyewe walikadiria waliokufa kuwa 75,000, wengi wao kwa njaa baada ya jeshi kuchoma vyakula na mashamba. Wanahistoria wa baadaye wamefikisha makadirio hayo hadi 250,000 na zaidi.

Miaka hamsini baadaye vita hivyo vilikuwa na kazi mpya. Mwaka 1956 Julius Nyerere alivitaja mbele ya Umoja wa Mataifa kama ushahidi kwamba watu wa Tanganyika hawakuwahi kukubali kwa hiari kutawaliwa. Baada ya uhuru Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilituma watafiti vijijini kuandika kumbukumbu za wazee, na G. C. K. Gwassa, akishirikiana na John Iliffe, akachapisha sehemu ya ushuhuda huo mwaka 1968. Hussein, mzaliwa wa Lindi katika nchi iliyopitiwa na vita hivyo, alikuwa chuoni hapo hapo, ambako idara ya sanaa za maonyesho ilikuwa changa. Tamthilia na utafiti vilikua pamoja, na ndiyo maana ubishi juu ya kipi ni historia na kipi ni sanaa ulianza mapema. Miaka hiyo hiyo, baada ya mafuriko ya 1968, serikali ilikuwa ikiwahamisha Warufiji kutoka bondeni kwenda vijiji vipya vya ujamaa vilivyoinuka juu ya maji. Watu ambao babu zao walikimbilia Ngarambe walikuwa wakifungasha mizigo huku mtabiri wao akipandishwa jukwaani Dar es Salaam.

Hussein aliuona ubishi huo unakuja. Katika utangulizi aliwatahadharisha wasomaji kwamba Kinjeketile wake ni kiumbe wa ubunifu, si picha ya yule mtu wa kihistoria. Hata jina lenyewe lina tofauti ya herufi. Tahadhari hiyo haikuzuia maswali. Kubwa lilihusu shaka. Katika ushuhuda wa wazee mtabiri ni mtu wa yakini: anapewa, anasema, anagawa. Jukwaani anatetereka. Akiwa amepagawa anatamka kwamba watu watakuwa watoto wa Seyyid Said. Anapozinduka na kuelezwa alichosema, anaona kwamba amewatoa watu kwa Mjerumani ili awakabidhi kwa sultani. Maneno hayo ya Seyyid Said hayakubuniwa na Hussein. Yamo katika kumbukumbu za wazee, ambako yanawaunganisha Wapogoro, Wakichi na Wamatumbi kuwa watu wa mmoja. Mwandishi aliyachukua maneno ya umoja akayageuza kuwa chanzo cha mashaka, na hapo ndipo ufundi wake ulipo.

Badiliko la pili ni kubwa zaidi. Katika historia, Kinjikitile hakuuona mtihani mkuu wa maji yake: boma la Mahenge lilishambuliwa tarehe 30 Agosti 1905, na bunduki za rashasha zikawafyeka washambuliaji, wiki tatu nzima na zaidi baada ya yeye kunyongwa. Hussein anamweka hai mpaka baada ya kushindwa. Anafungwa pamoja na mwenzake Kitunda, na Wajerumani wanamtaka akiri kwamba maji yalikuwa uongo. Anakataa, kwa sababu akikiri, watoto wa kesho wataambiwa kwamba wazee wao walikosea kupigana. Wapo wahakiki walioona hapa ushindi wa uzalendo, na wapo waliouliza: je, ni haki kiongozi kuuficha ukweli anaoujua, wakati waliokufa walikufa kwa kuuamini uongo? Swali hilo la pili ndilo zito, na tamthilia hailijibu kwa makusudi. Kama mwandishi angefuata tarehe za historia, lisingeulizwa kabisa.

Ugiriki ya kale inaonyesha kwamba watazamaji wamekuwa wakiwahukumu waandishi wa namna hii tangu tamthilia ilipoanza. Phrynichos aliigiza kutekwa kwa mji wa Miletos, ulioangushwa na Waajemi mwaka 494 K.K.; ukumbi mzima ukalia, na Athens ikamtoza faini ya drakma 1,000 na kupiga marufuku mchezo wake kwa kuwakumbusha watu msiba wao. Euripides alimwonyesha Phaedra akimtongoza mtoto wa mumewe bila haya. Watazamaji walichukizwa, akaiandika upya ngano ile ile, na mwaka 428 K.K. akapata tuzo ya kwanza. Ngano haikuwa na mwenyewe mmoja, lakini kila mtazamaji aliijua na alidai isiharibiwe. Wasomaji wa Kiswahili walipata nafasi ya kulinganisha moja kwa moja mwaka 1971, Samuel Mushi alipotoa Mfalme Edipode, tafsiri yake ya tamthilia ya Sophocles. Edipode na Kinjeketile wote wananaswa na kauli ya kiungu ambayo maana yake inafunuka wakati umeshapita.

Hadhira ya Kinjeketile, hata hivyo, haikuwa ya ukumbini tu. Tanzania Bara haikuwa na televisheni mpaka mwaka 1994, ingawa Zanzibar ilianza mwaka 1973. Kisa kilisafiri kwa kitabu, kwa tafsiri ya Kiingereza aliyoifanya Hussein mwenyewe mwaka 1970, na zaidi ya yote kwa darasa la fasihi, nchini Tanzania na Kenya. Wengi wanaomjua mtu wa Ngarambe wamemjua kwa mtihani. Hilo lina gharama yake: Ngarambe ya jukwaani ni kijiji chochote cha Afrika chini ya mkoloni, na mto, mafuriko, mpunga na dini ya mizimu ya Rufiji vimebaki kwa mbali. Kwa Mrufiji, huo ni upungufu wa kweli.

Wanahistoria nao wameendelea kuupima msingi wenyewe. Kitabu kilichohaririwa na James Giblin na Jamie Monson mwaka 2010 kimehoji kama Maji Maji ilikuwa harakati moja yenye chimbuko moja, na kuonyesha jinsi ugomvi wa mahali kwa mahali, njaa na siasa za ukoo zilivyoviendesha vita hivyo kila sehemu kwa namna yake. Hoja hiyo inamgusa Kinjeketile wa Hussein moja kwa moja, kwa kuwa hoja yake yote kwa wapiganaji ni kwamba wasubiri mpaka wawe wamoja.